KOLEJI YA JAMII KULE MAREKANI: NAMNA YA KUOMBA NAFASI



Wengi kati yetu tuko na ndugu kule Marekani. Mwaka wa 2016, Congo ndiyo nchi iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nchi zote waliopokelewa kule: walipita 16.000 mu mwaka mmoja tu. Ndugu hao wanatuma habari, na mu habari zao neno moja linarudi kila mara: "Nimeingia koleji", ao "Naomba koleji, munitumie buletini zangu". Kisha sisi huku tunabaki na maulizo. Koleji ni nini? Juu ya nini mtu aliyemaliza sekondari arudi tena koleji? Na sisi tulio hapa, tunaweza kuomba? Basi tumeona vizuri kueleza jambo hili hatua kwa hatua, maana kuna watu wanalijua vibaya, na kuna wengine wanapata faida kwa sababu sisi hatulijui.

Koleji hii si sekondari

Kwetu Congo, tukisikia "koleji" tunafikiri shule ya sekondari, zaidi ile ya mapadri. Kule Marekani si hivyo. Koleji ya jamii, wao wanasema komyuniti koleji, ni shule ya juu. Mtu anaingia baada ya kumaliza sekondari. Ni shule ya mji ao ya wilaya, iliyowekwa karibu na watu, ili mfanyakazi, mama wa watoto na kijana asiye na feza nyingi waweze kusoma bila kuhama nyumba yao.

Ile ya zamani kuliko zote za serikali zinazoendelea mpaka leo iko Joliet, mji wa jimbo la Illinois, si mbali na Chicago. Ilianza mwaka wa 1901 na wanafunzi 6 tu. William Rainey Harper, mkubwa wa Universite ya Chicago, na J. Stanley Brown, aliyeongoza shule ya sekondari ya Joliet, walipatana kwamba mwanafunzi aweze kusoma miaka ya kwanza ya universite pale nyumbani kwake. Mwaka wa 1947, tume iliyowekwa na Rais Truman iliomba koleji za namna hii zienezwe mu nchi nzima. Leo ziko karibu elfu moja.

Zinatoa nini? Kwanza, vyeti vya kazi vya muda mfupi: kuchomelea vyuma, umeme, ufundi wa magari, kusaidia wagonjwa, kulea watoto. Pili, diploma ya miaka 2, yenye krediti karibu 60. Muuguzi, kwa mfano, anaweza kupata diploma ya miaka 2, kisha afanye mtihani wa kupewa ruhusa ya kazi. Tatu, mwanafunzi anaweza kusoma miaka 2 koleji, kisha aende kumalizia miaka 2 ingine ku universite. Pale angalisho: musichanganye krediti za kule na zetu. Mu mpango wetu wa LMD, mwaka mmoja unahesabiwa krediti 60. Kule krediti 60 ni kazi ya miaka 2.

Mlango uko wazi

Jambo linaloshangaza wengi ni hili: koleji nyingi za jamii hazichagui wanafunzi kwa asilimia. Mwenye 51 na mwenye 75 wanaingia kwa mlango mmoja. Hakuna kushindana juu ya nafasi, isipokuwa mu masomo machache kama uuguzi, maana pale viti ni kidogo. Hawaangalie hata umri. Baba wa miaka 45 anakaa pamoja na kijana wa miaka 18, na hakuna anayecheka.

Lakini mlango wazi si kusema hakuna hatua. Hatua ziko, na watu wanakwama pale. Tuzifuate moja moja.

1. Kujaza fomu. Siku hizi fomu inajazwa kwa intaneti, na koleji nyingi haziombe kitu kwa kuijaza. Wanauliza majina, tarehe ya kuzaliwa, makao, shule uliyomaliza, na somo unalotaka. Kazi hii inaweza kuisha kwa saa moja.

2. Kuonyesha kwamba ulimaliza sekondari. Hapa ndipo ndugu zetu wanapata taabu. Anayetoka Congo anaombwa Diploma ya Leta, na mara nyingi buletini za miaka ya mwisho. Karatasi ziko mu Kifaransa, kwa hiyo zinapaswa kutafsiriwa na mtu anayekubaliwa. Mwanafunzi mwenyewe hapana. Tena koleji nyingi zinaomba karatasi zipite kwa kampuni inayopima diploma za inje, iseme Diploma ya Leta inalingana na nini kule. Kazi hiyo inalipwa. Kampuni zingine hazipokee karatasi mkononi mwa mwanafunzi: zinataka zitoke moja kwa moja kwa shule, mu bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri.

Na yule aliyekimbia vita, karatasi zikaungua ao zikabaki njiani? Hajafungiwa. Kuna mtihani unaoitwa GED, uliotungwa mwaka wa 1942 kwa ajili ya askari waliokuwa wameacha masomo. Uko na sehemu 4: hesabu, lugha, sayansi, na elimu ya jamii. Anayeupita anahesabiwa kama amemaliza sekondari. Lakini tuseme ukweli: mtu aliyesoma miaka yote ya sekondari, akapita mtihani wa Leta, halafu anaanza tena kujifunza juu ya mtihani mwingine mu lugha ngeni, anapoteza mwaka ao miaka kwa sababu ya karatasi moja tu.

3. Kupimwa Kiingereza na hesabu. Koleji inataka kujua utaanzia wapi. Huu si mtihani wa kufukuza mtu. Ila anayeonekana Kiingereza chake ni kidogo anatumwa kwanza kwa masomo ya lugha, na mara nyingi masomo hayo hayahesabiwe mu zile krediti 60. Ndiyo maana ndugu yako anaweza kukuambia "niko koleji mwaka wa pili" na bado hajaanza somo lenyewe. Si uvivu. Ninyi munaokimbia saa ya Kiingereza hapa shuleni, neno hili linawahusu.

4. Feza. Koleji ya jamii ni bei ndogo kuliko universite, lakini si bure kila pahali. Bei inafuata makao: mwenyeji wa wilaya analipa kidogo, wa jimbo lingine analipa zaidi, na anayetoka inchi ya inje mara nyingi analipa zaidi sana. Majimbo mengine yamesaidia watu wao: Tennessee, kwa sheria ya 2014, ilianza kulipia masomo ya koleji kwa vijana wanaomaliza sekondari mu jimbo lile. Na serikali kuu iko na msaada unaoitwa Pell, ambao kwa kawaida haurudishwe. Mwaka wa masomo 2024-2025, kiasi cha juu kilikuwa dola 7.395. Kuuomba kunafanywa kwa fomu moja, FAFSA, na hata jina lake linaanza na neno "bure". Anayekuomba feza juu ya fomu yenyewe anakudanganya. Raia na wenye kadi ya ukaaji wa kudumu wanaruhusiwa; wengine waulize ku ofisi ya misaada ya koleji yenyewe, maana sheria zinabadilika.

5. Kuonana na mshauri wa masomo. Ni yeye anayesaidia kupanga masomo. Anayetaka kwenda universite baadaye amwambie siku ya kwanza, kwa sababu si kila somo la koleji linapokelewa ku universite. Wengine wamesoma miaka 2, wakafika universite, wakaambiwa masomo kazaa warudilie.

Na sisi tulio hapa?

Ulizo hili tunalijibu bila kuficha. Ndiyo, mwanafunzi wa Congo anaweza kuandikia koleji ya jamii na kupokea barua kwamba amekubaliwa. Lakini muangalie vizuri barua ile ni nini. Koleji ikikubali mtu wa inje, inataka kwanza ushuhuda wa Kiingereza na karatasi za banki zinazoonyesha nani atalipa masomo, nyumba na chakula. Kisha inatoa karatasi ya I-20. Na karatasi hiyo si viza. Mu mwaka wa 2024 mwanafunzi alilipa dola 350 za kuandikishwa ku serikali na dola 185 za kuomba viza, bila kuhesabu safari ya Kinshasa. Na akikataliwa viza, zile 185 hazirudi. Anayekwenda kwa viza ya masomo hapati Pell. Mwaka wa kwanza hana ruhusa ya kufanya kazi inje ya shule. Ndani ya shule, saa 20 kwa juma wakati wa masomo, basi. Feza hiyo haiwezi kulipa koleji.

Tena mujue kwamba mwezi wa kwanza 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha programu ya kupokea wakimbizi. Kwa hiyo anayewaambia wazazi wenu kwamba ukimbizi na koleji ni njia moja, na yeye anajua pa kupitia, mumuulize kwa utaratibu anategemea nini.

Sasa munaona udanganyifu uko wapi. Mtu anakuja mu mtaa, anasema: "Mupe dola 500, ntamtafutia mtoto wenu nafasi ya koleji Marekani." Familia inauza shamba, ao ng'ombe. Baada ya mwezi analeta barua, na pengine barua ni ya kweli! Lakini ametumia saa moja kujaza fomu ya bure mu shule ambayo mlango wake uko wazi kwa watu wote. Ameuza kitu kile ambacho ni chepesi kuliko vyote. Kilicho kizito, yaani viza na feza za miaka 2, kimebaki mbele, na shamba limekwenda.

Karatasi zenu ni kazi ya leo

Ndugu wanafunzi, pengine hamutafika Marekani kamwe. Lakini iwe Lubumbashi, Bukavu, Kampala ao Des Moines, shule ya juu itakuomba mambo yaleyale. Kwa hiyo:

– Chungeni kila buletini, toka mwaka wa kwanza wa humanite. Kila moja iwe na muhuri wa shule na sahihi. Fotokopi zikae kwa mtu mwingine, mbali na nyumba yenu. Nyumba ikiungua, karatasi zote zisiungue pamoja.

– Muangalie majina. Jina, jina la pili na jina la ubatizo yaandikwe namna moja mu karatasi zote, herufi kwa herufi. Wazee wetu waliosoma wakati wa Zaire wanajua taabu hii: toka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa, na diploma zao hazina jina ambalo leo liko mu karatasi zao za safari. Mzee kama huyo akiomba koleji, anapaswa kueleza kwamba watu wale wawili ni yeye mmoja.

– Tarehe ya kuzaliwa vilevile. Mu kambi, wakimbizi wengi waliandikiwa tarehe 1 Januari. Ikiwa buletini inasema ingine, mtu atakuwa na maelezo ya kutoa kila pahali.

– Asli usiitume kwa mtu. Tuma fotokopi, asli ibaki kwako.

Na ninyi wakubwa wetu, Bwana Prefe, Bwana Sekretari, walimu: tunawaomba kwa heshima. Barua ikifika toka inje kuuliza alama za mwanafunzi wa miaka 10 iliyopita, isilale juu ya meza. Kwenu ni ukurasa mmoja wa kutafuta mu rejista ya zamani. Kwa dada mmoja anayefanya kazi usiku mu kiwanda kule Iowa na kungoja jibu ili aanze uuguzi, ni mwaka mzima wa maisha. Na rejista zenyewe, tuziondoe chini, pale maji na mchwa wanafika. Mu ile kabati mumo majina yetu sote, na siku moja mmoja wetu ataandika barua kama hiyo.