Uti wa Mgongo Ukiumia: Hatari Inayomfuata Mgonjwa Nyumbani

Kwenye barabara ya Kitale kwenda Bungoma, inayopita Kiminini, Kamukuywa na Webuye, ajali ya bodaboda ikitokea watu hukimbilia kusaidia. Mmoja humshika majeruhi makwapani, mwingine miguuni, kisha hupakiwa kwenye pikipiki nyingine ili awahi hospitali. Ni huruma tupu. Lakini pingili ya shingo ikiwa imevunjika, kunyanyuliwa hivyo kunaweza kuharibu neva zilizokuwa bado nzima. Asiyehisi miguu, au anayelalamikia shingo, asikalishwe. Kichwa kishikwe kisiyumbe, na watu kadhaa wamhamishie kwa pamoja kwenye ubao mpana.

Ndani ya pingili za uti wa mgongo mna ugwe wa neva, mwembamba kama kidole, unaopeleka amri za ubongo mwilini na kurudisha hisia. Ukiumia kifuani, miguu hupooza. Ukiumia shingoni, mikono nayo huathirika, na jeraha likiwa juu sana hata pumzi hukatika. Kibofu, haja kubwa na tendo la ndoa huguswa pia, mambo ambayo familia nyingi huona haya kumuuliza daktari. Yafaa yaulizwe. Mwanamke aliyepooza miguu, kwa mfano, bado anaweza kushika mimba na kujifungua.

Kinachoua wengi baadaye si mfupa. Ngozi isiyohisi maumivu haimwambii mtu ageuke, hivyo nyama iliyobanwa kwenye makalio na visigino hukosa damu na kuoza. Kidonda cha kulalia huanza na wekundu, au weusi uliozidi kwenye ngozi nyeusi, kisha huchimbika hadi mfupani. Kibofu kisichomwagika vizuri nacho huleta maambukizi yanayopanda hadi figo.

Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, wengi wa wagonjwa hawa walikufa mapema. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alifungua wodi yao huko Stoke Mandeville, Uingereza. Silaha yake kubwa ilikuwa uuguzi: kuwageuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na kutunza kibofu kwa usafi. Kazi hiyo yawezekana hata katika nyumba ya udongo Bungoma, mradi mtu afundishwe.

Hapo ndipo penye pengo. Hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo iko Nairobi, mamia ya kilomita kutoka Kitale. Mwaka 2012 Zack Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza baada ya kupigwa risasi, alishika njia kwa kiti cha magurudumu kuelekea Afrika Kusini ili kuchangisha pesa za kituo cha kuwarekebisha Wakenya kama yeye.

Kabla mgonjwa hajatoka wodini, jamaa atakayemtunza aonyeshwe kwa vitendo namna ya kumgeuza, kukagua ngozi na kutumia mpira wa mkojo. Afundishwe pia dharura hii: aliyeumia shingoni au sehemu ya juu ya kifua akipatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa na jasho usoni, presha huenda imepanda kupita kiasi. Aketishwe wima, nguo zinazobana zilegezwe, mpira utazamwe kama umejikunja, na asipopata nafuu upesi akimbizwe hospitali.