Karakana ya Kirusi Ndani ya Jani la Muhogo

Katika vijiji vya Handeni na Korogwe, muhogo ni akiba ya mkulima pindi mvua zikosapo na mahindi kukauka. Lakini akiba hiyo yaweza kuharibika ingali ardhini. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia hutia madoa ya manjano kandokando ya mishipa ya majani ya chini, na michirizi katika shina. Mizizi huonekana mizima kwa nje, kumbe ndani imekauka na kuwa migumu, yenye rangi ya kahawia. Mara nyingi mkulima huigundua hasara siku ya kuvuna.

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtaalamu H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Husababishwa na virusi vya RNA vya aina mbili zinazokaribiana, ambavyo huenezwa na nzi weupe pamoja na vipando vyenye ugonjwa.

Je, kirusi huzaaje? Kirusi ni uzi wa RNA uliofunikwa kwa protini tu. Hakina nishati wala ribosomu. Kiingiapo katika seli, hulivua gamba lake, na ribosomu za seli huusoma uzi huo kana kwamba ni ujumbe wa seli yenyewe. Hupatikana protini moja ndefu, ambayo hukatwa vipande, kila kimoja na kazi yake.

Uchunguzi wa virusi vya ukoo huo huo umeonyesha kuwa kipande kimoja kidogo hujipenyeza katika tando za ndani ya seli na kuzifanya zifure kuwa vifuko vidogo sana. Vifuko hivyo ndivyo karakana. Humo hukusanyika RNA pamoja na kimeng'enya cha kuinakili. Tena vifuko ni maficho: wakati wa kunakiliwa, RNA huwa na nyuzi mbili zilizoambatana, na mmea una vimeng'enya vya kuitambua RNA ya namna hiyo na kuikatakata. Nakala zilizokamilika hupita katika vitundu vya kuta za seli hadi seli jirani, kisha husafiri na chakula cha mmea mpaka shinani na mizizini.

Kwa kuwa karakana hiyo imejengwa kwa tando za mmea wenyewe, ni vigumu kuibomoa bila kuidhuru seli. Hakuna dawa ya kunyunyizia shambani iponyayo ugonjwa huu, na kipando kilichokatwa katika shina gonjwa huubeba ugonjwa hadi shamba jipya.

Kinga, basi, huanzia katika mbegu. Watafiti wa Amani walichanganya muhogo na jamii zake za mwituni, na katika kazi hiyo ikapatikana aina ya Namikonga, yenye ukinzani mkubwa. Mkulima naye aipasue mizizi wakati wa kuvuna, achukue vipando katika miti ambayo mizizi yake ni myeupe ndani na majani yake hayana madoa. Kwa kufanya hivyo atapunguza sana hatari ya kupanda ugonjwa kwa mikono yake mwenyewe.