Uvimbe umetolewa, sasa dripu ya nini tena?

Tuseme mama yako aligundulika ana saratani ya titi mapema, kabla haijasambaa. Akafanyiwa upasuaji, akatundikiwa zile dripu kali za kuua saratani, nywele zikanyonyoka zote. Sasa zimeanza kuota na nyumbani mmeshachinja kuku. Mara anarudi kliniki na habari mpya: daktari anataka aanze dawa nyingine, kila baada ya wiki 3, mwaka mzima! Lazima utauliza, "Kwani si amepona?"

Swali zuri. Kisu cha daktari hutoa uvimbe unaoonekana. Lakini chembe chache za saratani huenda zimeshatoroka na kujificha mwilini, na zikiwa chache hivyo hazionekani kwenye picha. Zikija kuzaana, saratani hurudi, safari hii labda kwenye mifupa, ini, mapafu au ubongo. Ikifika huko hutibiwa ili kuizuia, ni nadra kuimaliza. Ndiyo maana dawa hutolewa sasa, mama akiwa anajisikia mzima.

Dawa yenyewe ni trastuzumabu, iliyouzwa kwanza kwa jina la Herceptin. Si ya kila mgonjwa. Juu ya chembe za titi kuna protini iitwayo HER2. Zifikirie kama antena zinazopokea amri ya "zaliana!" Chembe ya kawaida ina antena kiasi. Kwa wagonjwa kama 15 hadi 20 kati ya 100, chembe za saratani zimejaa antena tele, basi zinazaliana kwa fujo. Dennis Slamon na wenzake huko Marekani walionyesha mwaka 1987 kwamba saratani za aina hiyo hurudi upesi zaidi. Wakati ule ilikuwa habari mbaya tupu.

Trastuzumabu hunata kwenye antena hizo, ikazima amri na kuwaita askari wa mwili waje kushambulia. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2005 yalionyesha kuwa ikiongezwa kwenye matibabu ya kawaida, hatari ya saratani kurudi hupungua kwa karibu nusu. Asiye na antena nyingi haimsaidii, kwa hiyo uvimbe lazima upimwe HER2 maabara. Huoni majibu hayo kwenye faili la mama? Mwambie amuulize daktari.

Siku ya kwanza dripu huchukua dakika 90, maana wengine hupata homa na kutetemeka. Zinazofuata kwa kawaida ni nusu saa. Na nywele? Dawa hii peke yake hainyonyoi nywele, kwa hiyo kitana kisitupwe.

Kitu cha kuangalia ni moyo. Dawa inaweza kuupunguzia nguvu, ndiyo maana hupimwa kabla ya kuanza na tena kila baada ya miezi 3 hivi. Hapo wewe unayekaa naye unaweza kuona mambo kabla ya daktari. Mama anahema akipanda kilima kidogo tu? Miguu imevimba? Siku hizi anaomba mito mitatu ndipo alale? Akina mama wengi watasema "ni uchovu tu." Usikubali, mpeleke hospitali. Mara nyingi dawa ikisimamishwa na daktari, moyo hurudia nguvu zake.

Bei nayo ni kubwa, hatufichi. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na Desemba 2019 likaidhinisha toleo la kwanza lililotengenezwa kwa kuiga la awali, ili bei ishuke. Ulizeni mambo ya bima na ustawi wa jamii kabla ya dripu ya kwanza, msije mkakwama katikati.

"Na mimi je, nitairithi?" Antena hizo nyingi hutokea ndani ya uvimbe wenyewe, mama hakuzaliwa nazo, wala hakukupa. Zipo saratani za titi zinazotembea kwenye ukoo kwa njia nyingine. Kama bibi au shangazi naye aliugua, hilo mtajieni daktari kliniki ijayo.