Mgeni wa Bamvua Mbili

Abiria wengi wa Mafia hupandia chombo Nyamisati, bandari ndogo ya wilaya ya Kibiti, na wengi wao huitazama Nyamisati kwa jicho la mtu aliye kituo cha basi. Wanangoja maji yajae, wanapanda, wanaondoka. Watalii wa kigeni nao huukuta Mto Rufiji huko juu, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hulala siku mbili tatu, hupiga picha za viboko, kisha ndege ndogo huwarudisha walikotoka. Kati ya makundi haya mawili inabaki delta ya mto huo, yenye takribani hekta 50,000 za mikoko, msitu wa mikoko ulioshikana ulio mkubwa kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki. Tangu mwaka 2004 delta hiyo, pamoja na Mafia na Kilwa, imetambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Hata hivyo inapitwa, na anayeipita hujitetea kwamba hakuna cha kuona. Makala hii inadai kwamba vya kuona vipo tele, ila haviwezi kumfikia mtu wa siku mbili. Kipimo cha ukaaji unaofaa kimewekwa na mwezi ulio angani: kutoka bamvua moja hadi nyingine.

Kila mvuvi wa pwani anayajua haya, lakini msomaji wa bara huenda akahitaji kuelezwa. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na katika pwani hii tofauti ya kina huzidi mita 3. Katikati ya bamvua mbili huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Mzunguko huo huchukua siku 15 hivi. Ndani ya delta tofauti hiyo hubadili ramani yenyewe. Kijito kinachopitisha mashua maji ya bamvua yanapojaa huwa uwanja wa tope yanapopwa, na watafuta kaa hutembea pale pale chombo kilipopita. Siku za maji mafu baadhi ya vijito vya ndani havipitiki kwa chombo kizito, na safari ya kijiji hadi kijiji hurudi kwenye mtumbwi na upondo. Aliyekuja Jumamosi na kuondoka Jumatatu ameona hali moja ya mahali penye hali nyingi, kama mtu aliyesoma ukurasa mmoja wa kitabu akajiita msomaji wake.

Wazo la kutembea bila haraka lina majina mengi duniani leo. Nchini Italia, mwaka 1986, watu waliandamana Roma kupinga mgahawa wa McDonald's uliokuwa ukifunguliwa katikati ya jiji, na vuguvugu la kutetea chakula cha polepole likazaliwa, likiongozwa na Carlo Petrini. Mwaka 1999 ukafuata muungano wa miji inayokataa kukimbizwa. Venice imekwenda mbali zaidi. Tangu Aprili 2024, katika siku zilizopangwa, mgeni anayeingia na kutoka siku hiyohiyo hutozwa ada ya kuingia iliyoanzia euro 5, wakati anayelala mjini hatozwi ada hiyo. Mantiki yake ni ya kihesabu. Mgeni wa saa sita huchosha njia, hujaza madaraja, na huacha fedha kidogo, wakati anayelala hula, hununua, na hutawanya hatua zake kwa siku nyingi. Ikiwa mji wa mawe uliojengwa majini umefikia uamuzi huo baada ya kusongwa na umati, delta ambayo bado haijasongwa ina nafasi ya kuanza na kanuni hiyo kabla ya kuumia.

Ushahidi mzito wa hoja hii uko katika historia ya delta yenyewe, na uliandikwa kwa mizinga. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha, mitambo yake ikiwa mibovu, ikajificha ndani ya matawi ya Rufiji. Waingereza waliziba milango ya mto kuanzia mwishoni mwa Oktoba, lakini meli zao kubwa hazikuweza kuingia kwa sababu maji yalikuwa machache. Wakatumia ndege, na bado hawakuweza kuifikia. Kilichofungua njia ni uvumilivu. Mwindaji kutoka Afrika Kusini, P. J. Pretorius, alitumwa kuichunguza delta, na kwa msaada wa wenyeji akapima kina cha njia za maji na kufuatilia kujaa na kupwa kwake. Ndipo zikaletwa Severn na Mersey, meli za mizinga zenye vitako vifupi. Zilishambulia Julai 6, 1915, zikashindwa, zikarudi Julai 11 na kuimaliza. Zaidi ya miezi minane ilipita tangu mto uzibwe. Leo mtu akija kupiga picha ya Königsberg ataambulia tope, kwa kuwa chuma chake kilikatwakatwa kuuzwa na kilichobaki kimezama. Mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Kisichoondoka ni somo: nguvu na haraka zilishindwa mbele ya vijito ambavyo mkazi wa delta huvipita kwa kafi.

Mikoko nayo inadai muda. Kwa mgeni wa siku moja ni ukuta wa kijani tu. Anayekaa huanza kutofautisha mlilana unaoelekea baharini, mkoko wenye mizizi ya upinde, mkandaa, na msikundazi unaopenda kule maji ya chumvi yanakopungua. Akishajua hivyo, akipanda na maji kuelekea juu husoma chumvi kwa kutazama miti. Ataelewa pia kwa nini vyumba vya nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu ni vyembamba: upana wake ulifuata urefu wa boriti, na boriti hizo zilikatwa katika misitu kama hii ya tawi la Simba Uranga, majahazi yakizifikisha hadi Arabuni. Kisha atakuta mashamba ya mpunga katikati ya mikoko iliyofyekwa upande wa kaskazini. Picha moja ingesema ni uharibifu, basi. Lakini wenyeji watamweleza kwamba kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 maji mengi ya mto yalihamia matawi ya kaskazini, chumvi ikapungua, na mpunga ukakubali. Mkulima aliufuata mto. Hilo haliondoi hasara ya msitu, ambao ndani yake hukulia watoto wa kamba wanaovuliwa baharini, bali linaigeuza hukumu kuwa swali.

Wapo watakaosema kwamba kukaa wiki mbili ni anasa ya Wazungu. Pingamizi hili lina uzito kwa mtu wa kibarua cha kila siku. Kwa mwajiriwa linapungua nguvu, kwa sababu sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa siku 28 za likizo ya mwaka, na swali linabaki ni wapi azitumie. Gharama kubwa ya utalii wa haraka ni nauli ya kuhamahama na bei ya kitanda cha usiku mmoja. Anayepanga chumba Kibiti mjini na kula kwa mama ntilie hupunguza zote mbili, na mji huo uko mahali pazuri, kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Kilwa na Lindi. Siku moja huenda Ikwiriri na kuvuka Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 na kuwaondolea wasafiri adha ya kivuko cha Ndundu. Siku nyingine hufika Mohoro, ambako Wajerumani walimnyonga mganga Kinjikitile Ngwale Agosti 1905, Vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Zilizobaki huziacha kwa delta, na delta humpangia ratiba.

Pingamizi la pili ni usalama, na halifai kufichwa. Kuelekea mwaka 2017 jina la Kibiti lilitangaa kwa mauaji ya askari polisi na viongozi wa vijiji, na jina likishachafuka husafishika polepole kuliko mahali penyewe. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Busara ni kukwepa masika na kuja wakati wa kusi, kuanzia Juni, kuripoti kwa mwenyekiti wa kijiji, na kumsikiliza nahodha anaposema leo haiwezekani. Ila mafuriko yenyewe ni sehemu ya habari. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali iliwahamisha wakulima kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu. Wengi waliendelea kurudi kulima, wakilala kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo vya kulindia mazao dhidi ya nguruwe na ndege, kwa sababu mazao ya mlau hupandwa kwenye unyevu ambao mafuriko huuacha. Sasa bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limekaa juu ya Mto Rufiji. Mlau utakuwaje? Swali kama hilo haliulizwi wala kujibiwa kwa mtu aliyeacha gari likiunguruma.

Pingamizi la mwisho ndilo gumu: wageni wa kukaa huweza kuharibu kuliko wa kupita. Barcelona imetangaza kufuta leseni za nyumba za kupangisha watalii ifikapo 2028, baada ya wakazi kulalamika kwamba kodi zimewashinda. Wahenga nao walitahadharisha: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo hutajwa kana kwamba inamfukuza mgeni, lakini haimfukuzi. Inampa jembe, na anayepewa jembe anatarajiwa kubaki. Inachokataza ni kukaa kwa kuhudumiwa. Barcelona nyumba zilihama kutoka kwa wakazi kwenda kwa wageni. Delta itaepuka hilo iwapo chumba, mtumbwi na chungu vitabaki mikononi mwa mwenyeji, na mgeni akawa mtu wa kushika kafi, kuvuta nyavu, au kulinda mpunga usiku mmoja dunguni. Bamvua ya kwanza itamkuta akiuliza maji yanajaa saa ngapi. Ya pili ikifika, atakuwa ameutazama mwezi na kujua mwenyewe.