Kutoka Kisesa hadi Kilele cha Uhuru: Siku Isiyofaa Kupunguzwa

Kisesa iko jirani na Ziwa Victoria, ambalo uso wake u takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru katika Mlima Kilimanjaro kina mita 5,895. Mkazi wa Kisesa anayekusudia kuupanda, kama wafanyavyo Watanzania wengi kila Desemba kuadhimisha Uhuru, aghalabu huanza na koti zito, viatu na nauli ya basi hadi Moshi. Vyote vinahitajika. Hata hivyo, kinachoamua usalama wake zaidi ni idadi ya siku, nayo ndiyo hupunguzwa kwanza, kwa kuwa ada za hifadhi hutozwa kwa siku.

Kileleni, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, hivyo kila pumzi huleta takriban nusu ya oksijeni. Mwili hujirekebisha kwa kupumua haraka zaidi, na figo husawazisha uchachu wa damu. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, wala misuli haiiharakishi. Kijana mcheza mpira huweza kuzidiwa mahali ambapo mzee mwenye mwendo wa pole anapita.

Zaidi ya mita 3,000, inashauriwa mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku. Njia ya Marangu huivunja kanuni hiyo waziwazi: Mandara ni takriban mita 2,700, Horombo 3,700, Kibo 4,700. Katika Himalaya, waendao kambi ya chini ya Everest, mita 5,364, kwa kawaida hupanda kwa siku nane hivi, huku wakipumzika njiani. Usiku wa pili Horombo hauondoi hatari, lakini una faida kuliko koti lolote. Dawa ya asetazolamidi, ikiandikwa na daktari, husaidia. Haichukui nafasi ya siku hiyo.

Watu wa Kanda ya Ziwa wana hatari mbili za ziada. Ya kwanza ni mazoea. Kichwa kikiuma na kutapika kukaanza, wengi huwaza malaria, na mazoea hayo yameokoa maisha. Huko Horombo yanaweza kuponza: mtu humeza dawa mseto, akaendelea kupanda, kumbe ubongo unaanza kuvimba. Malaria iliyoambukizwa nyumbani nayo huweza kujitokeza mlimani, hivyo homa ipimwe. Vyovyote iwavyo, mwenye dalili asipande zaidi.

Ya pili ni selimundu. Katika kanda hii wapo wengi wanaobeba kinasaba chake bila kujua, kwa sababu hawaugui. Wengi wao hupanda salama, lakini upungufu wa oksijeni huweza kuziba mishipa ya wengu. Dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, na anayeyapata hana budi kushuka mara moja. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande kabisa. Kipimo cha damu kifanyike kabla ya kulipia safari.

Anayeyumba atembeapo, au anayehema akiwa amepumzika, hushushwa usiku huohuo, wala haachwi peke yake. Wenzake na mwongoza watalii waliafiki hilo kabla ya safari kuanza, kwani mgonjwa ambaye ubongo wake umevimba mara nyingi husisitiza kwamba yu mzima.