Boljointi: Kiungo Kidogo Kinacholishika Gurudumu

Leo tutazungumza juu ya kiungo kidogo kilichomo katika magurudumu ya mbele ya gari, ambacho mafundi hukiita boljointi. Wenye gari wengi hawajapata kukiona. Lakini kikikatika, gurudumu hulala na gari haliongozeki tena.

Nitaanza na kisa changu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa na gari la familia, lile lenye mlango wa kuburuta na safu tatu za viti. Kwa muda wa wiki mbili nilisikia sauti ya "ko, ko" kila nilipopita juu ya tuta. Nikajiambia kwamba barabara ni mbovu. Tukapanda nalo mlima kutoka Mombo hadi Lushoto, watoto wakiimba nyuma, na tukashuka salama. Kesho yake, nilipokuwa nikitoka polepole katika kituo cha petroli, gurudumu la kushoto likajikunja na gari likakaa chini. Hakuumia mtu, maana mwendo ulikuwa wa mtu atembeaye kwa miguu. Lakini fikiri, msikilizaji: ingekuwaje kama lingejikunja jana yake, katika zile kona za mlimani?

Kiungo hiki ni cha namna gani? Jiguse nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo, nacho hukaa ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga. Ndiyo sababu waweza kuupeleka mguu mbele, nyuma na kando bila ya kuchomoka. Boljointi imeundwa vivyo hivyo. Ni chuma chenye kichwa kama gololi kubwa, kilichofungwa ndani ya kikombe chenye grisi, na juu yake pana mpira wa kuzuia vumbi na maji. Upande mmoja kiungo hiki kimeshika mkono wa chini wa gari, ambao mafundi huuita amu. Upande wa pili kimeshika nako, yaani chuma kinachobeba gurudumu. Kwa hiyo gurudumu laweza kupanda na kushuka, na pia kugeuka kulia na kushoto.

Adui wa kwanza wa kiungo hiki ni mpira uliopasuka. Mchanga na maji huingia, grisi hutoka, na kichwa husagika kidogo kidogo. Kikombe hulegea, na mwisho kichwa huchomoka. Dalili zake ni hizi: mlio wa kugonga penye matuta na mashimo, usukani usiotulia, na tairi kulika upande mmoja.

Basi, utaipimaje? Tuchukue mfano wa Toyota Noah za kuanzia mwaka 2001, ambazo springi yake ya mbele imeizunguka shokapu. Liegeshe gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, na uweke kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma. Inua upande mmoja mpaka tairi liache ardhi, kisha uweke stendi imara chini ya gari. Jeki ni ya kuinulia tu. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Sasa shika tairi kwa mkono mmoja juu na mmoja chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, nawe utikise tena. Mchezo ukitoweka, kasoro yaelekea kuwa katika beringi ya gurudumu. Ukibaki, tazama boljointi. Kisha tia mtaimbo chini ya tairi, uliinue kidogo, huku mwenzako akikitazama kiungo. Kichwa kikipanda na kushuka ndani ya kikombe chake, kiungo kimechakaa. Tairi likicheza unaposhika kulia na kushoto, huenda kasoro ni ya viungo vya usukani.

Hapa pana tahadhari. Yako magari ambayo springi yake hukaa juu ya mkono wa chini. Kwa hayo, jeki huwekwa chini ya mkono wenyewe, karibu na gurudumu, la sivyo springi itakibana kiungo na kuificha kasoro yake.

Tuje kwenye kuibadili. Kama huna vifaa, mpelekee fundi, lakini ujue anayopaswa kufanya.

Kwanza, nati za gurudumu hulegezwa gari likiwa bado chini. Kisha gari huinuliwa, huwekwa stendi, na gurudumu huvuliwa.

Pili, pini ya kukunja hutolewa, na ile nati yenye meno kama taji hulegezwa bila kuitoa yote. Shina la boljointi hukaza sana katika tundu lake. Hutolewa kwa pula, au kwa kugonga ubavu wa tundu la nako kwa nyundo. Nati ile inayobaki huzuia mkono usiruke ghafula. Wakati wote huo nako isiachwe ining'inie kwa mpira wa breki, wala isivutwe nje sana, maana shafti ya gurudumu yaweza kuchomoka kwa ndani.

Tatu, hufunguliwa bolti na nati zinazoishika boljointi kwenye mkono wa chini. Katika magari mengine hushikwa kwa ripiti, au hushindiliwa kwa mashine, au huuzwa pamoja na mkono mzima.

Nne, weka mpya na ya zamani pamoja, ulinganishe urefu wa shina, unene wake na nafasi ya matundu. Zisipolingana, irudishe dukani.

Tano, shina na tundu hufutwa vikauke, bila grisi. Nati hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kama tundu la pini halijalingana na meno ya nati, kaza mbele kidogo, usirudishe nyuma. Kisha tia pini mpya na uikunje. Pini hiyo ni ya bei ndogo sana, lakini ndiyo inayoizuia nati isifunguke njiani.

Mwisho, kipime kiungo cha upande wa pili, kwani vyote viwili vimepita njia moja. Peleka gari likapimwe mnyooko wa magurudumu, na baada ya kilomita 50 hadi 100 uzikaze tena nati za gurudumu.

Mtu akikuambia kwamba boljointi ya zamani itagongwa au itachomelewa ili ikaze, mkatalie. Moto huunguza kilichomo ndani, na nyundo huficha ulegevu kwa siku chache tu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliusikia ufa wangu wiki mbili nzima, nikausingizia barabara.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Kwa nini mpira uliopasuka ni hatari hata kama kiungo bado hakijacheza?
2. Utatofautishaje kasoro ya beringi na ya boljointi?
3. Kwa nini nati haitolewi yote kabla shina halijaachia?

Kabla ya kusafiri na watoto wako tena, piga magoti kando ya gurudumu la mbele, uutazame mpira ule. Kwaherini, mpaka somo lijalo.