Koni, Gololi na Kitenzi "Kaza"

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliandika insha ya maelekezo kuhusu kubadilisha gololi za gurudumu la nyuma la baiskeli. Sarufi ilikuwa safi, nami nikampa alama nzuri. Kisha tukaipeleka kwa fundi mmoja wa Biryogo, tukamwomba aifuate neno kwa neno. Alipomaliza, gurudumu liligoma kuzunguka. "Mwalimu," akasema, "mmeniambia nikaze, nimekaza."

Ndugu msomaji, kosa hili linaeleweka ukijua kilichomo ndani ya habu. Katikati hupita ekseli. Kila upande kuna kikombe kilichoshikana na habu, ndani yake gololi zilizopakwa grisi, kisha koni inayojisokota kwenye nyuzi za ekseli na kuzizuia gololi hizo zisitoke. Nje ya koni huwekwa washa na nati ya kufungia. Gurudumu la nyuma aghalabu huchukua gololi 9 kila upande, zenye kipenyo cha milimita 6.35, la mbele huchukua 10 za milimita 4.76.

Baiskeli nyingi huja na gololi chache zilizoshikwa na bangili ya bati. Anayetaka kuiboresha habu huitoa bangili hiyo na kuweka gololi huru, kwani zikiwa nyingi hugawana mzigo vizuri zaidi. Kwa abanyonzi wanaobeba abiria na magunia katika vilima vya Kigali, hilo si jambo dogo. Lakini hapo ndipo mtu hushawishika kuongeza gololi ya kumi kwa sababu ameona mwanya. Mwanya huo lazima ubaki. Ukizibwa, gololi husukumana na moja hupanda juu ya nyenzake.

Sisi tulikuwa tumehesabu sawasawa. Kilichotuponza ni sentensi hii: "Kaza koni, kisha kaza nati." Nati inapokazwa huisukuma koni ndani kidogo, na isiposhikwa huizungusha pia. Ikiwa koni ilikuwa imekwisha kukazwa, gololi hubanwa. Mtu akiendesha hivyo hivyo, koni huchimbika vishimo, na ile faida ya gololi mpya hupotea katika muda mfupi.

Dawa yake ni kulegeza nati, kuirudisha koni nyuma chini ya robo mzunguko, kuishika hapo kwa spana nyembamba, ndipo nati ikazwe. Kisha ekseli izungushwe kwa vidole. Ikikwaruza, bado imebana. Ikitikisika huku na huku, inacheza. Ikikwaruza hata baada ya kulegezwa, ichunguze koni, na uangalie kama gololi kuukuu zimechanganywa na mpya. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua mkosaji ni nani.

Tukirudi darasani, wanafunzi wetu huielewa haraka kauli ya kutendua, maana Kinyarwanda nacho kina gufunga na gufungura (ingawa gufungura ni kula pia, na mgeni hushangaa akikaribishwa hivyo mezani). Kwa hiyo funga na fungua, chomeka na chomoa, haviwasumbui. "Kaza" ndicho kinachowatega: kinyume chake si kitenzi kilichonyambuliwa kutokana nacho, bali ni "legeza", na chenyewe hakitaji kiasi. Pia wapo wanaoandika "gari" wakikusudia baiskeli, kwa sababu ya igare la Kinyarwanda. Kwa maoni yangu, tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi nchini mwaka 2017 tumejishughulisha mno na msamiati wa ofisini, na tofauti kati ya kubana, kukwama, kugoma na kucheza tumewaachia mafundi.

Juma lililofuata mwanafunzi alileta sentensi mpya: "Kaza koni kwa vidole mpaka iguse gololi, irudishe nyuma kidogo, ishike kwa spana nyembamba, ndipo ukaze nati." Fundi akaifuata bila kuuliza swali. Akaliinua gurudumu, akalisukuma kwa kidole kimoja. Lilizunguka kwa muda mrefu, likayumba mara mbili tatu, kisha likatulia, upande wenye valvu ukiwa chini.